Mtakatifu wa Kijito Chetu

Jumatatu, 3 Machi
Jambo ambalo sijamwambia mtu: wenzangu wakienda mpirani, mimi hujifungia na ramani nikasoma majina ya vijito. Kwa raha! Leo raha imekwisha. Mwalimu Ní Dhuill anataka Ijumaa kila mmoja aeleze jina la Kiairishi la kwao. Kwa kina Ruairí ni Kilima cha Wafalme. Kwetu ni Sruth na Muc, Kijito cha Nguruwe. Na Líadan, msichana wa dawati la mbele ambaye macho yangu hayamwachi, atasikia! Ruairí ameshaniuliza kama nyumbani nguruwe hunipisha kitandani.

Jumanne, 4 Machi
Nguruwe hawafukuziki, ramani zote zinawataja. Lakini naweza kuwapa mchungaji. Nimemtunga: Mtakatifu Odhrach! Aliwanywesha hapa, na tangu hapo maji huponya chunjua. Ugonjwa salama. Haujamuua mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Makofi! Ruairí akaanza kuikagua chunjua ya kidoleni mwake. Líadan akanitazama (mimi!) akauliza watu huchovya wapi. Sikuwa nimetunga hadi huko. Nikasema chini ya mti wa miiba, nyuma ya banda letu.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Watu wametoka misa wakaja kufunga vitambaa mtini, kama wafanyavyo huku wakiomba kupona. Baba alipanga kuung'oa kesho, ajenge zizi la ndama. Mwenye mashine amekataa: mti wenye vitambaa vya wagonjwa hauguswi. Baba akafoka, nani ameanza upuuzi huu? Nikakazana kusoma boksi la nafaka ya kifungua kinywa. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, nepi za baba yako nilizifua kwenye kijito hicho. Sikuona aliyepona kitu." Kisha akaenda kufunga kitambaa chake, kwa ajili ya nyonga inayomuuma.

Jumatatu, 17 Machi
Sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Chunjua ya Ruairí imedondoka! Kwenye gwaride alipanda trela, amevaa shuka, yeye ndiye Mtakatifu Odhrach. Líadan kando yake, akimshikia fimbo. Mimi nilipewa nguruwe. "Mshike vizuri, ni jirani yako," alisema Ruairí, kwa upole wa kitakatifu. Nguruwe akanikojolea.

Jumanne, 18 Machi
Líadan amenifuata mwenyewe! Anaona aibu: kwao ni Poll na gCat, Shimo la Paka, na Ruairí anamlilia nyau. Akauliza kama nimewahi kusoma lolote kuhusu pale. Nikasema nitaangalia.
Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikatandaza ramani. Nikaandika: mtakatifu wa kike, paka saba, hutibu kikohozi. Kisha nikachukua shati la zamani la baba, nikaanza kulichana vitambaa.