Kinyozi Aliyechukua Miji Yangu

Jumamosi, Pagume 1

Nimepoteza Gondar. Saa mbili asubuhi, kabla ya chai!

Kundi letu la vitendawili la kwenye simu hapa Dessie lina sheria moja: ukishindwa kujibu unatoa mji wowote wa Ethiopia, kwa maneno tu, aliyejibu anauchukua. Na leo Yeshimebet, muuza viungo, mjane mwenye vishimo mashavuni, katangaza kundini kwamba atakayekuwa na miji mingi zaidi kufikia Mwaka Mpya atakalia kiti cha mbele nyumbani kwake na kula kuku aliyempika yeye. Ujumbe huo nimeusoma mara sita.

Papo hapo akatutegea hesabu. Kondoo wakipangwa wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu watatu, mmoja. Wanne wanne, mmoja. Watano watano, habaki hata mmoja. Ni wangapi? Nikajibu arobaini na tisa, kifua mbele. Mesafint kinyozi akajibu ishirini na watano, huku anamnyoa mtu. Kinyozi! Mimi niliyesomea uhasibu miaka minne! Yeshimebet akamtumia maua matatu. Mimi hata jani.

Halafu kinyozi huyo ananiita Gashe, yaani mzee wangu, mbele ya Yeshimebet, kama anamwamkia mjomba wake. Namzidi miezi saba tu.

Jumapili, Pagume 2

Kinyozi lazima anaibia. Nikaenda kumpeleleza, nikijidai nataka kunyolewa. Siri nimeiona! Anasoma kitendawili kwa sauti na foleni nzima inamsaidia kufikiri. Ana jeshi!

Nikiwa na povu hadi masikioni, simu yake ikalia. Yeshimebet tena: mama mweusi anakalia moto, akilia wageni wanafurahi. Mesafint akasoma, akakuna kichwa, akasema jamani hiki kigumu. Nikaropoka: birika la kahawa! Foleni ikanipigia makofi. Mesafint akanishukuru sana, akaliandika, akachukua Bahir Dar. Yeshimebet kamwita kipenzi cha kundi. Jibu langu!

Nimemshtaki kwa Mwalimu Zerihun, mwamuzi wetu. Amesema hakuna sheria inayomkataza kinyozi kuwa na wateja. Masharubu yangu upande mmoja ni mafupi.

Jumatatu, Pagume 3

Sikukuu ya malaika Rufaeli. Mvua ya leo ina baraka, kwa hiyo nimesimama uani na kaptula nikaomba akili. Nikaomba pia mashine ya Mesafint iharibike. Jirani alikuwa dirishani. Sijui kasikia nini.

Baraka ikaja upesi. Nimeokota kitendawili kwenye mtandao wa ng'ambo, kwao huko kinawatoa watu jasho: miezi mingapi ya mwaka ina siku ishirini na nane ndani yake? Jibu ni yote. Nikatangaza kwamba anayenishinda namkabidhi Dessie, mji wetu wenyewe. Wote wakajibu kumi na miwili. Nikacheka peke yangu, nikaandika kwa herufi kubwa: MMEKOSA! YOTE! Nikaanza kudai miji, mmoja baada ya mwingine.

Mesafint akauliza kwa upole, "Gashe, na huu tulio nao?"

Nikatazama kalenda ukutani. Pagume. Mwezi wa kumi na tatu. Siku tano, basi.

Dessie sasa ni yake. Ameniruhusu niendelee kuishi hapa, ila niwe na adabu. Yeshimebet kacheka mpaka kakosa maneno, katuma sura za machozi tu, kumi na nne.

Jumanne, Pagume 4

Muuza mkate kaniuliza kama nina kibali cha Mesafint cha kupita barabarani. Nina mpango.

Nimeazima simu ya dada yangu nikafungua akaunti: Profesa Kinfe wa Harar. Mwalimu Zerihun kampokea kwa heshima zote. Profesa akauliza: kwa tisa nne tu, utapataje mia moja? Nikajibu palepale: tisini na tisa, ujumlishe tisa kugawa kwa tisa. Profesa akanipa Harar nzima na kunisifu kwa maneno mazuri sana. Karibu nilie.

Mesafint kasema, "Gashe, leo umejibu kabla Profesa hajamaliza kuuliza." Wivu! Wivu mtupu!

Jumatano, Pagume 5

Msiba. Yeshimebet kaamua kwamba anayetunga vitendawili ana akili kuliko anayejibu. Kiti cha mbele kampa Profesa! Mesafint kakubali kwa moyo mweupe, mnafiki yule. Nikaandika kwamba mimi Profesa huyo simwamini hata kidogo. Yeshimebet akanijibu mbele ya kundi zima: "Kaka Ayalneh, acha kijicho. Jifunze kwake."

Kwake! Mimi!

Alhamisi, Meskerem 1

Mwaka Mpya. Maua ya manjano kila mlango. Profesa kaomba radhi, anaumwa mgongo. Kiti kakalia Mesafint. Picha nimeziona: paja la kuku, mayai mawili. Mimi nimekula kunde kwa dada yangu.

Mchana Yeshimebet akamwandikia Profesa faragha. Pole ndefu! Anakula nini? Nani anamkanda mgongo? Nimekaa na simu mbili mkononi. Yangu kimya tangu asubuhi, hata heri ya mwaka hakuna. Ya Profesa inalia kila dakika. Nikamjibu kwa ukali ili amchoke. Yeshimebet kasema ukali huo ni maumivu tu, maskini, na kuku wa pili yuko jikoni, kesho atampelekea Harar kwa basi.

Simpendi mtu huyu. Mgeni, kaingia juzi tu, anapendwa na mwanamke niliyemtaka miaka miwili! Bora hata kinyozi.

Lazima aumbuliwe. Nimekwenda kununua laini ya tatu. Daktari Hailemelekot wa Jimma ataingia kundini leo hii na kumtegea Profesa kitendawili kizito. Nimekitunga mwenyewe. Jibu silijui, na Profesa, kwa jinsi ninavyomfahamu, hatalijua kamwe.