Baiskeli ya Fundi Cherehani Yarejeshwa Katika Umbo Lake

Kwa niaba ya Idara ya Maumbo Halisi ya Vyombo vya Usafiri, ambamo mimi ni Kaimu Mkaguzi Mwandamizi, nina furaha kuutangazia umma kwamba Operesheni Rudisha Umbo imefanikiwa kwa kishindo. Wanaosema vinginevyo wana lao jambo.

Agizo la Mkurugenzi lilikuwa wazi. Chombo chochote kilichobadilishwa kirudishwe kilivyotoka kiwandani, na kipande kisicho na muhuri wa kiwanda kisihesabiwe kuwa sehemu ya chombo. Tulilipigia makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Wa kwanza kuingizwa uani kwetu alikuwa fundi cherehani mmoja na baiskeli yake ya mizigo, kuukuu, aliyoachiwa na marehemu mumewe, muuza mikate. Ilikuwa kituko. Mbele amefunga sanduku la mbao za kitanda. Ndani ya sanduku, kiti cha plastiki kilichokatwa miguu. Juu ya kiti, mama yake mzazi, mguu umefungwa bandeji, mwavuli umemfunika. Breki zilikuwa za kandambili. Kwa dude hilo alichota maji, akasomba mkaa na vitambaa, na asubuhi hiyo alikuwa akimpeleka mama zahanati kusafishwa kidonda.

"Kaka yangu, tuachie tuwahi," alisema. "Wakifunga dirisha, mama anarudi na kidonda chake vilevile. Kimeanza kutoa harufu."

"Dada, idara haizuii matibabu. Inarekebisha umbo."

"Umbo la nani?"

"La baiskeli."

"Basi rekebisheni upesi, mwanangu," bibi alisema. "Langu limeshashindikana."

Tulimteremsha bibi kwa heshima zote, tukamkalisha kivulini, na mafundi wa idara wakashika spana. Sanduku halikuwa na muhuri, likatoka. Kiti, mwavuli na breki vikafuata. Magurudumu yalikuwa yamebadilishwa, usukani ulikuwa bomba la maji, na hata fremu ilichomelewa na fundi wa mtaani baada ya ile ya zamani kukatika. Kazi ilipokwisha, kitu pekee kilichobaki na muhuri wa kiwanda kilikuwa kengele.

"Hongera," nilimwambia nikimkabidhi. "Baiskeli yako sasa imekidhi vigezo."

Aliitazama kiganjani. Machozi yalimlengalenga, nami nikayapokea kuwa ya shukrani.

"Na mama nimpandishe wapi?" aliuliza.

Hilo halikuwa katika majukumu yangu. Bibi ndiye aliyenyoosha kidole kwenye lile rundo la vyuma na mbao.

"Na zile takataka, mwanangu, ni nini?"

"Kwa mujibu wa agizo, bibi, si baiskeli. Si chombo cha usafiri cha aina yoyote."

"Kwa hiyo haziwahusu."

"Hata chembe."

Fundi cherehani alijifuta uso, akanirudishia kengele. "Baiskeli yangu nitunzie," alisema. "Niazime spana."

Nilimwazima. Kumzuia kungekuwa kuingilia mambo yasiyotuhusu.

Alipokuwa akiunganisha, mafundi wetu walikuwa bado wana moto wa kazi, na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wakaligeukia gari la Mkurugenzi. Mwenyewe alikuwa ofisini akikariri hotuba ya mafanikio, Waziri akimsubiri ukumbini. Taarifa zetu zinasema gari lile hufungwa vipuri vipya vya kiwandani kila mwaka. Vipuri hivyo hatukuviona. Tulivyoviona havikuwa na muhuri, kuanzia injini mpaka vitasa, nasi tukavitoa vyote kwa uadilifu.

Mkurugenzi aliposhuka, gari lake lilikuwa kioo kimoja cha pembeni, tumekiegemeza kwenye tofali.

"Nani kakutuma?" aliniuliza.

"Wewe, mzee. Sahihi ni yako."

Fundi cherehani alikuwa ameshafika getini, mama yake kitini. Mkurugenzi akawakimbilia.

"Mama, nisogeze mpaka ukumbini. Waziri ananisubiri, kazi yangu iko mashakani."

"Ningekusogeza, mheshimiwa," fundi cherehani alisema, "ila hiki si chombo cha usafiri. Nimeelezwa hapahapa."

"Hii ni baiskeli. Natamka mimi, Mkurugenzi, mbele ya wafanyakazi wote: hii ni baiskeli."

Bibi aliuinua mwavuli kidogo akamwangalia, kwa huruma kabisa.

"Ikiwa ni baiskeli, baba, imevunja agizo lako. Utaipandaje?"

Wakaenda zao, na nasikia waliliwahi dirisha.

Nilimfahamisha Mkurugenzi kwamba kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, maadamu miguu ni ya asili. Tuliikagua palepale getini, ikafaulu, akaondoka nayo. Viatu tulibaki navyo, kwa sababu soli zilikuwa zimebadilishwa.