Nani Atalichukua Boila la Baba?

Jumatatu, 3 Februari

Gesi imewashwa leo! Chombo chenyewe cheupe, kidogo kama kabati la viatu, kimetundikwa ukutani kinanguruma kama paka aliyeshiba. Nyumba nzima joto. Zeinep, mke wangu, amevaa mikono mifupi. Februari! Hapa Karaganda, na theluji nje!

Mimi natokwa jasho na huzuni. Boila la makaa la marehemu baba, lililotupasha joto miaka yote, limeng'olewa jikoni, sasa limesimama sebuleni. Kilo mia nne. Mgodi ulimpa baba mwaka 1959 badala ya nishani. Wanaume wanne walilisogeza. Mmoja alitukana Kirusi, wa pili Kikazaki, waliobaki walikosa pumzi ya kutukana.

Jumapili ya tarehe kumi na sita wakwe wanakuja kupanga harusi ya binti yetu Akbota. Zeinep amesema boila likiwapo sebuleni siku hiyo, anamwita mtu wa vyuma chakavu. Chakavu! Baba alilipangusa kila Ijumaa kwa shati lake la zamani. Nimemwambia aniachie mimi, Melis, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo. Kaguna. Sikuupenda ule mguno.

Tena si kuliondoa tu. Litapata makao ya heshima. Yenye kibao cha shaba. Kibao chenye jina langu.

Jumanne, 4 Februari

Nimewaandikia makumbusho ya wachimba migodi. Barua tamu! Yote kweli, isipokuwa kipande kidogo: nimesema mshairi Borankul alilala kwetu majira ya baridi ya 1963, akatunga shairi lake kubwa akiwa ameliegemea boila letu. Borankul ameshakufa. Nani atamuuliza? Nimeipeleka barua kwa mkono wangu. Nimerudi nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Februari

Mama wa makumbusho amekuja mwenyewe! Anaitwa Gaukhar. Kofia ya manyoya, miwani, daftari. Kalizunguka boila mara tatu. Moyo wangu juu! Akauliza mshairi aliegemea upande upi. Nikamwonyesha. Akauliza alikuwa anakohoa? Nikasema wapi, buheri wa afya!

Akavua miwani. "Mzee Melis, Borankul ni babu yangu mzaa mama. Hajawahi kukanyaga Karaganda. Moshi wa makaa ulikuwa unamkohoza mpaka anazirai."

Zeinep akatoka nje ili acheke kwa nafasi.

Gaukhar ana roho nzuri, lazima niseme. Alikunywa chai ya maziwa, akala baursaki tisa, yale maandazi yetu ya kukaangwa. Akaniambia hata bila uongo wangu nafasi hakuna, kwa sababu boila kama hili wanalo tayari. Walipewa na Edgar Vebber.

Vebber! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara! Aliyekuwa mchochea boila wa shule niliyofundisha! Na lake lina kibao. Cha shaba.

Sikuweza kula usiku. Nimekula soseji ya farasi tu. Na tambi. Na zile baursaki zilizobaki.

Ijumaa, 7 Februari

Vebber anajenga bafu la mvuke uani kwake. Nimevuka barabara nikampa boila, zawadi ya ujirani mwema. Kacheka mpaka akashika ukuta. Eti, "Melis, wewe ukinipa kitu bure, mimi nahesabu vidole vyangu kama vyote vipo."

Sawa. Kesho asubuhi anaenda sokoni. Atarudi alikute limekaa ndani ya bafu lake. Mgeni wa kilo mia nne utamfukuzaje? Nimejikumbatia kwa furaha. Zeinep kauliza nina baridi?

Jumamosi, 8 Februari

Niandike haraka kabla watu hawajasimulia vibaya.

Nilikusanya wanafunzi wangu wanne wa zamani, sasa wanaume wenye vitambi na masharubu. Tukaliweka boila juu ya bati ili liteleze kwenye barafu hadi kwa Vebber. Hatua ishirini. Barabara yetu ina mteremko. Nilijua. Nimeishi hapa miaka sitini na moja.

Boila halikuvuka. Liligeuka likafuata mteremko, mwanzoni kwa heshima, baadaye bila heshima yoyote. Likaipita nyumba ya Vebber. Likaipita nyumba ya polisi. Mimi nyuma: "Pisheni! Boila! Boila!" Bibi mmoja alinifokea kwamba boila gani linatembea barabarani, mlevi wewe, kisha akageuka, akaruka kama mbuzi.

Likaingia kwenye lundo la theluji mbele ya duka la mikate. Likasimama. Wima! Hakuna aliyeumia, hata mkwaruzo hakuna. Wanafunzi wangu wakakumbuka wote kwa pamoja kwamba wana shughuli.

Zeinep kasema sebuleni halipo, basi yeye karidhika. Ushindi!

Jumanne, 11 Februari

Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Foleni ya mikate imefika barabarani. Mtu kaniuliza, hivi mzee, hili dude lako linawaka? Swali gani hilo! Nikaleta makaa na kuni.

Vebber akaja mbio, kofia mkononi, akipiga kelele kwamba likiwashwa kavu litapasuka, kichaa wewe! Akaziba mabomba ya chini kwa vipande vya mti, akaacha tundu la juu wazi, akamimina maji ndoo kwa ndoo. Akaniamuru nichochee. Nikachochea! Jirani kaleta bomba la moshi. Boila likanguruma.

Akina mama wakavua glavu wakanyoosha mikono. Yule bibi wa juzi akaliegemea kwa mgongo, akafumba macho, akasema, "Abarikiwe aliyelitengeneza." Nikageuka nijifanye natafuta makaa. Baba angeuona mstari ule wa mikono!

Vebber kasema boila langu ni bora kuliko lake. Kasema polepole, lakini nimesikia. Nimemwomba arudie mara mbili.

Jumapili, 16 Februari

Wakwe wamefika. Bi Kalamkas, mama wa bwana harusi, mfugaji wa kondoo huko nyikani, hakungoja hata kuvua koti. Kuna mpumbavu gani mtaa huu aliyetupa boila zuri vile dukani? Yeye ana kondoo themanini wanaozaa, banda lake barafu tupu, wana-kondoo wanakufa kabla hawajakauka!

Zeinep akanitazama. Akbota akaficha uso kwenye kikombe.

Nikasimama. "Mkwe wangu," nikasema, "mpumbavu mwenyewe ndiye mimi, na boila ni lako."

Alinishika mkono karibu auvunje. Hakuahidi hata kibao. Na mimi, ajabu, nilisahau kukitaja.

Jumatano, 19 Februari

Lori lenye winchi, mwendo wa saa tatu nyikani. Vebber alijialika mwenyewe akaunganisha mabomba. Kufika saa tisa mchana banda lilikuwa linatoa mvuke. Kondoo mmoja alizaa mapacha hatua tatu kutoka kwenye boila! Bi Kalamkas akawapangusa kwa majani makavu, wakasimama wanatetemeka, kisha hawatetemeki tena. Nimelia. Vebber naye amelia, ila anasema ni moshi.

Nimempigia Zeinep simu, nikamweleza kwamba yote yametokea kama nilivyopanga. Kaguna.

Alhamisi, 20 Februari

Tumelala kwa wakwe. Asubuhi Bi Kalamkas kanionyesha ukumbi wa zamani wa shamba la ushirika. Na pembeni, chini ya mavumbi, mashine ya kuonyeshea sinema! Chuma kitupu, kubwa kuliko mimi, haijawaka tangu miaka ya themanini. Kasema mkiitaka chukueni, inanizibia njia ya kupitisha nyasi.

Lori lilikuwa linarudi tupu. Ungefanyaje?

Imeingia sebuleni vizuri kabisa, tumevunja fremu ya mlango tu. Zeinep kauliza ni nini hiki chini ya turubai. Nimemwambia ni zawadi ya siku yake ya kuzaliwa.

Kaniambia siku yake ya kuzaliwa ni Oktoba. Vizuri sana. Nina miezi minane ya kutafuta mashine ya pili. Bi Kalamkas anasema mashine hizi huwa zinafanya kazi mbilimbili: mkanda wa moja ukiisha, ya pili inaendeleza sinema.