Mchezaji Mmoja Hahesabiwi

Jumatatu, 4 Machi

Zimebaki siku tano. Jumamosi miezi yangu mitatu ya majaribio katika klabu ya gofu inakwisha. Kanuni ya kumi na nne haina mzaha: mwanachama wa majaribio acheze mashimo yote kumi na nane na mwanachama kamili, kisha huyo amtilie saini kadi. Asipopata saini, aage. Kadi yangu nyeupe pee. Nimecheza raundi arobaini na moja, zote na mimi mwenyewe.

Dada ndiye aliyenihimiza nilipostaafu. Alisema mtu aliyekagua mizani za maduka miaka thelathini sasa akakae na watu, si kupima sukari yake mwenyewe jikoni. Basi nikatafuta watu wenye kanuni.

Kikwazo ni kanuni ya tisa: mchezaji aliye peke yake hahesabiwi, awapishe wote. Leo nimepisha makundi manne. Mmoja wao akaniambia, "Asante, mzee wangu." Sauti ya kwanza kusemeshwa nayo tangu Ijumaa, ukiondoa redio. Nikakata njia vichakani, nikawatangulia kwenye shimo la mbele, nikawapisha tena. Mara ya pili hakusema kitu.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu! Nijifanye mtu wa kuhitajika. Kitabu cha kanuni wao hawakijui. Mimi ninacho kichwani, na nakala mfukoni. Nikasimama shimo la kwanza tangu asubuhi. Nikamjulisha daktari wa meno kwamba soksi zake hazifiki kimo kinachotakiwa. Nikawakumbusha wenzake kwamba ni marufuku kuongea mtu anapopiga. Niliwakumbusha akiwa anapiga. Mpira ukaingia bwawani.

Katibu wa klabu akaniita ofisini. Akasema, kwa upole wa mtu anayemtoa paka sebuleni, kwamba wanachama wangefurahi kile kitabu kikibaki nyumbani kwangu. Chai alinikaribisha. Kiti hakukionyesha.

Jumatano, 6 Machi

Kanuni haisemi kundi ni watu wa namna gani. Inasema tu wawili au zaidi. Nikaandika ubaoni: mimi na mgeni wangu, Injinia. Mpira mweupe wangu, wa njano wake. Napiga wangu, nahama upande, napiga wake. Sikupisha mtu. Raha iliyoje! Ila kufika shimo la tisa Injinia alikuwa ananiongoza kwa mapigo matatu. Tukanuniana.

Hapo akanifikia mkunga mstaafu. Mwanachama wa siku nyingi, anacheza peke yake tangu mdogo wake aliyekuwa akicheza naye ahamie mbali. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anatafuta mpira mle mitini. Akasema basi tukamsaidie.

Tukatafuta dakika ishirini. Kanuni inaruhusu tatu. Njiani akanisimulia alivyowapokea nusu ya wanachama wa humu wakiwa hawana hata soksi, na kwamba Katibu alizaliwa na uso ule ule wa kikao. Nikasikia mtu anacheka. Kumbe ni mimi.

Akaitazama miti, akanitazama na mimi. "Injinia wako atakuwa amechoka, kaka. Kesho saa tatu mimi nipo."

Alhamisi, 7 Machi

Nilifika saa moja.

Mashimo kumi na saba hatukufunga midomo. Aliniuliza usiku nakula nini. Nikamtajia. Akasema hicho si chakula, ni adhabu. Nilikuwa nimesahau mtu anavyojisikia akigombezwa kuhusu chakula.

Shimo la kumi na nane, mpira wake ukakwama penye mzizi. Akausogeza kwa ncha ya kiatu, akasema mgongo wake na mizizi hawapatani. Adhabu: mapigo mawili. Nilijitahidi kunyamaza. Nikanyamaza kweli, mpaka mezani. Akachukua kalamu, akavuta kadi yangu atie saini, nami nikamwomba kwanza asahihishe yake. Akadhani natania. Nikamtajia ukurasa.

Kalamu akailaza mezani taratibu. "Basi mwambie Injinia akutilie saini." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Alijua! Tangu jana alijua, na bado alimtafuta nami dakika ishirini.

Nilitaka kumwita arudi. Lakini kupaza sauti karibu na shimo la mwisho hairuhusiwi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa Katibu na kadi tupu na tai niliyovaa siku ya kustaafu. Nilikuwa tayari kuaga. Akasema nimeongezewa miezi mitatu. Mwanachama mmoja alikuja kuniombea, akakataa kutajwa. Katibu aliguna tu kwamba ni vigumu kumkatalia mtu anayekuita "mwanangu" na kukukumbusha uzito wako wa siku ya kwanza duniani.

Nimewaza kutwa nzima. Atakuwa daktari wa meno. Yale maneno ya soksi yamemwingia.

Dada kapiga simu kuuliza kama nimepata wa kucheza naye. Nikasema ninaungwa mkono na watu wazito.

Jumapili, 10 Machi

Mkunga alikuwa shimo la kwanza. Hajapiga. Kwa jinsi alivyokwisha kufuta fimbo zake zote, amesimama pale muda mrefu. Aliponiona akasogeza mkoba wake kando ili wangu upate nafasi. "Saa tatu hii, kaka. Twende?"

Nikamwambia nimefurahi sana, ila kwanza tumalizane na yale mapigo mawili ya Alhamisi.

Akatikisa kichwa. Akapiga mpira wake, akaondoka.

Kanuni haisemi nani ampishe nani ikiwa wote wawili hawahesabiwi. Nikatumia busara. Nilimfuata mashimo yote kumi na nane, kwa umbali ule ule unaotakiwa. Aliposimama, nilisimama. Mara mbili aligeuka akangoja, mara mbili nikangoja pia. Sikumkaribia hata kidogo. Sidhani kama ameshawahi kuheshimiwa hivi katika klabu hii.