Duara la Tangi la Kushoto

"Wakazi wote wa kitongoji wanatangaziwa kwamba pikapu ya Mama Juliana, iliyozima mbele ya ofisi ya kitongoji, isitumike kuanikia nguo."

Eustace, aliyekuwa ametoka Shinyanga mjini baada ya kuuza mashamba ya pamba ambayo hajawahi kuyaona, alilisoma tangazo hilo kwa heshima linayostahili, kisha akainama chini ya gari. Lilikuwa la zamani, la matangi mawili. Swichi ya kuchagua tangi ikiwa kushoto, injini ilikohoa na kufa. Alipoigeuza kulia, iliunguruma vizuri. Mama Juliana alidhani swichi hiyo ni ya taa. Basi injini ilikuwa nzima na pampu nzima. Ugonjwa ulikuwa kushoto. Alifungua chujio la upande huo, akalikuta limeziba kwa tope la manjano. Kutu tupu.

Fundi mwaminifu angelisafisha. Eustace aliirudisha swichi kushoto.

"Shikamoo, Mama Juliana. Gari hili lilibeba nini zamani?"

"Marahaba. Mchanga wa mgodini, kabla sijaanza biashara ya chakula."

"Basi haliumwi. Limeshiba dhahabu."

Hadi jioni, wachimbaji wa dhahabu wa hapo Nyarugusu walikuwa wakinunua hisa za tangi. Ngusa, msemaji wao, alinusa lile tope.

"Linanuka dizeli."

"Dhahabu ya aibu," akasema Eustace. "Hujificha ndani ya harufu."

Fedha alizijaza kwenye soksi. Mpango wake ulikuwa mfupi: swichi kulia, kisha barabara kuu, kabla hawajaliosha tope. Alfajiri alipopanda garini "kulijaribu", mkono wa Ngusa ulikuwa tayari mlangoni.

"Mwangaluka, bosi," akamwamkia kwa Kisukuma. "Unalipeleka wapi duara letu?"

"Duara gani?"

"Shimo lolote panapotoka dhahabu ni duara. Na mwenye duara hulisha wachimbaji mpaka mali itoke. Wewe ndiye uliyeligundua."

Nyuma yake wanaume walikuwa wamepanga foleni na sahani. Mama Juliana alikoroga sufuria bila kuinua macho.

"Leo ugali na sangara. Bosi analipa sasa au baada ya chai?"

Kazi ilianza. Walilikwangua tangi kwa kijiko kimoja, kwa zamu, kwa uangalifu wa watu wasio na haraka. Soksi ya kwanza ikaishia kwenye samaki. Ya pili ikaanza kupungua kwa nyama.

"Jamani, ni kutu," Eustace akakiri. "Hamna dhahabu humo."

"Kila bosi husema hivyo akitaka kutukimbia na mali," akasema Ngusa, akiomba mchuzi.

Soksi zote mbili zilipokuwa tupu, Eustace alikwenda ofisini kuomba haki. Kamati ya kitongoji ilikaa asubuhi nzima, ikatoa uamuzi: tangi la kushoto ni duara, na Eustace ataendelea kulihudumia, la kulia ni gari, mali ya Mama Juliana, swichi ibaki katikati mpaka uchunguzi ukamilike. Na kwa kuwa duara si gari, nguo sasa zinaruhusiwa kuanikwa, upande wa kushoto tu.