Usukani wa Trekta

Jumatatu, 3 Machi 2025
Awendo. Wateja watatu tu leo kwenye chumba changu cha gemu, na mmoja alikuja kuchaji simu. Wengine wote wako ng'ambo ya barabara kwa Machuki. Ana gemu mpya ya magari. Mafuta yanaisha, tairi zinaisha, ukichelewa breki kwenye kona basi umekwisha. Watu wanasema ni kama kuendesha kweli. Mimi bado nina mashine ya zamani, ile tuliyochezea nyumbani Rangwe na dada yangu Mellen, padi moja kati yetu. Yeye anakata kona, mimi nakanyaga mafuta. Gari linaruka mto. Linagonga ng'ombe, ng'ombe anainuka anaenda zake. Utoto mtupu. Machuki nitamshinda kwa uhalisia.

Jumatano, 5 Machi
Tumebadilishana. Machuki kachukua mashine yangu pamoja na gemu yangu ya zamani, mimi nimepata mashine yake ya ziada, yenye gemu mpya. Alikubali haraka. Sikujiuliza. Fundi ametoa usukani wa plastiki, akafunga wa trekta bovu. Kiti ni cha lori. Hakuna kitu kama hiki kutoka hapa hadi Homa Bay.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimwalika Mirumbe, dereva wa lori la miwa, azindue. Aliendesha polepole, akapisha kila gari, kisha akasimama kando. Nikamuuliza kuna nini.
"Onyancha, nimeshika usukani tangu alfajiri. Sasa unanirudisha kazini?"
Akavuka barabara. Baadaye nilisikia kicheko kwa Machuki, nikaenda kuchungulia. Chumba kimejaa. Wanacheza gemu yangu. Mirumbe ndiye aliyekuwa akiruka mto.

Jumapili, 9 Machi
Mellen amekuja kutoka Homa Bay anakofundisha. Hatujaonana tangu tumzike mama mwaka jana. Usukani hakuutazama mara mbili. Aliuliza mashine yetu iko wapi. Nikamwambia iko kwa fundi. Wakati huohuo muziki wa ile gemu ukasikika kutoka ng'ambo. Mellen aliujua. Hakunilaumu. Alinishika mkono tukavuka.
Machuki alitupisha. Yeye kona, mimi mafuta. Mto wa kwanza tulizama. Wa pili tuliruka, na chumba kizima kikashangilia. Mellen alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema kwa sauti ndogo, "Saa hii mama angekuwa ametuita twende kuchota maji." Tulicheza mpaka akakaribia kukosa gari la kurudi.

Jumatatu, 10 Machi
Machuki amesema turudishiane mashine, hana kinyongo. Mellen naye amepiga simu kunisihi nikubali. Nimefikiri asubuhi nzima, nikaelewa kwa nini Mirumbe aliondoka. Kiti hakina mkanda. Nimemjibu Machuki hapana. Fundi anakuja saa nane. Nimemwambia alete na honi.