Mishale ya Njia ya Kilimani

Jumatatu, tarehe 4
Mkutano wa wajitoleaji wa njia ya kilimani. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu, katupanga mstari kama tunasubiri sindano. Habari mbaya: tajiri mmoja anataka kuzungushia kilima ukuta, ajenge hoteli. Ofisa wa ardhi anakuja Jumamosi. Akiona njia inaeleweka na watu wanaitumia, kilima kinabaki cha umma. Asipoona, ndiyo basi. Niliumia kweli. Kilima hicho nimekipanda tangu sina meno, na sasa sina tena.

Kazi zikagawanywa. Shemeji yangu, fundi viatu, kapewa kupokea wageni, eti kibanda chake kiko njia inapoanzia. Huyo! Kila anayepita humwamkia. Anavimba kwa shikamoo kama andazi! Mimi mkubwa wake nakaa barazani kwangu, pembeni ya kilima, naamkiwa na kuku.

Mimi nikapewa kopo la rangi nyeupe, nichore mishale kwenye mawe. Nikalipokea kwa adabu zote.

Jumatano, tarehe 6
Nimechora. Mishale ya mwanzo safi kabisa. Kufika njia panda, mkono ukaelekea kushoto wenyewe. Kushoto ni kwangu. Njia inapita barazani, inazunguka choo, kisha nitairudisha kilimani. Sijaipoteza, nimeitembeza kidogo tu.

Mke wangu kauliza jiwe lake la kufulia linatafuta nini na mshale. Nikamwambia ni mambo ya serikali. Akasema labda serikali ya kuku.

Alhamisi, tarehe 7
Raha! Shikamoo zimemiminika. Nimeitikia marahaba hadi koo limekauka. Mama mmoja kaniuliza kilima kiko wapi. Nikamwambia akae kwanza, kilima hakikimbii.

Shemeji kaja, uso umekunjamana kama soli iliyonyeshewa. Mbona watu wanaotoka kwake hawafiki juu? Nikamwambia labda ni viatu anavyowashonea.

Ijumaa, tarehe 8
Kasoro ndogo. Rangi iliniishia kwenye banda la kuku. Njia inaingia kwangu vizuri, ila haitoki. Watu wanazunguka uani kama wamepotelewa na mbuzi. Fundi magari jirani ana rangi nyekundu tu. Nimekataa, watu watadhani kuna hatari. Kesho nitaelekeza kwa mdomo. Mdomo ninao.

Jumamosi, tarehe 9
Mungu wangu.

Ofisa kaja na faili na viatu vinavyong'aa, nesi mbele, shemeji nyuma. Wakafuata mishale. Ofisa akasifia. Wakakata kushoto. Uani kwangu kumejaa wapanda kilima waliopotea! Wengine wanamsaidia mke wangu kuanika nguo, mmoja kakalia kiti changu. Kabla sijafungua huo mdomo, ofisa akaufuata mshale wa mwisho, akainama, akaingia bandani. Jogoo hakujali cheo.

Alipotoka na manyoya kichwani, akayapangusa kwa faili. Nesi akanitazama kama mgonjwa aliyetema dawa. Ukuta wa hoteli nikauona umeshasimama, na sisi nje.

Mke wangu ndiye aliyesema. Akamwambia ofisa, baba, kama mzee mmoja mjinga ameweza kupoteza watu wote hawa asubuhi moja, hebu fikiria wanaofika juu siku mishale ikiwa mizima! Ofisa akatazama uani. Akaanza kuhesabu, akawaomba watulie, akahesabu tena. Akaandika: njia inatumika mno. Kilima ni chetu! Vigelegele! Shemeji akanikumbatia, halafu akakumbuka ni mimi, akaniachia.

Jumapili, tarehe 10
Adhabu. Nasugua mawe. Shemeji kaletewa kiti anisimamie. Wapita njia wanamwamkia yeye, mimi nimeinama, wanadhani ni jiwe lingine.

Nesi kaapa sitashika tena brashi maisha yangu yote. Sawa, nimekubali, mimi ni mtu msikivu. Kanipa jembe badala yake, nichimbe ngazi pale njia panda ambapo mvua imekula udongo.

Nimewaza juu ya ngazi. Mtu akichoka hukaa. Nikizichimba ndefu ndefu, za wima, hakuna mwenye mapafu atakayezimaliza bila kutafuta baraza ya karibu.

Na ya karibu ni ya nani? Nimeshapanga viti.